Karatasi Nyeupe Chini ya Pikipiki

Tone la oili lilidondoka juu ya kiatu cheupe cha Nesi Scholastica mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda, na hakuna hata dereva mmoja aliyekuwa na huruma ya kutazama pembeni.

"Shamte," nesi akasema, akiinua mguu taratibu, "pikipiki yako inakojoa."

Kijiwe cha sokoni Kilwa Masoko kikaangua kicheko. Nassibu, ambaye pikipiki yake ilikuwa mpya na mdomo wake mkongwe, akauliza kama siku hizi Shamte anakaanga chapati njiani. Shamte akachutama akafuta kile kiatu kwa kitambaa chake cha jasho. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mrefu, mpole, mwepesi wa kuona haya, na jinsi alivyofuta ndivyo doa lilivyozidi kutanuka.

Nesi hakuja kijiweni kufutwa viatu. Alikuwa anatafuta dereva wa kumpeleka na sanduku lake la chanjo Kipatimu na vijiji vya milimani, kule ambako mvua ikinyesha gari hugeuka likarudi. Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu, malipo kila mwisho wa mwezi, mafuta juu ya waajiri. Ulikuwa mwezi wa Machi, msimu wa korosho ulikuwa mbali, na abiria walikuwa wa kugombaniwa kama maji ya bomba. Hakuna aliyekuwa kijiweni asiyeitaka kazi hiyo, lakini nesi alimtaka Shamte, kwa kuwa alimjua kwa mwendo wake wa taratibu.

"Mimi nakutaka wewe," akamwambia. "Ila siwezi kupanda kitu kinachovuja mpaka Kipatimu. Oili ikiisha kule juu, tutalala porini na chanjo zitaharibika. Kwa hiyo Ijumaa saa mbili asubuhi nitarudi hapahapa. Nitatandika karatasi nyeupe chini ya injini yako, nitakwenda zangu kunywa chai na vitumbua viwili. Nikirudi karatasi ikiwa nyeupe, kazi yako. Ikiwa na doa, namchukua Nassibu."

"Vitumbua viwili tu, nesi?" Nassibu akasema. "Kula hata sita. Mimi nitalipa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi Shamte aliisukuma pikipiki mpaka kwenye kibanda cha fundi Deo, nyuma ya soko. Deo alikuwa Mmakonde mnene mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake, na aliipenda kazi yake kuliko alivyopenda kulipwa, jambo lililomsumbua mkewe Restuta kwa miaka mingi. Aliponyanyua macho akamwona Shamte, akaweka spana chini.

"Usiniambie."

"Imevuja tena."

"Kava ya klachi au kichwa?"

"Kote."

Deo akashusha pumzi. Mwezi huo alikuwa amekwisha kubadilisha gasketi za pikipiki hiyo mara mbili, na mara zote mbili zilivuja kabla siku tatu hazijapita. Mtaani watu walikuwa wameanza kusema kwamba fundi Deo sasa anazeeka. Deo alikuwa na miaka arobaini na mmoja na maneno hayo yalimwingia.

"Safari hii nimeagiza Lindi," akasema, akatoa bahasha ya plastiki. "Seti nzima. Elfu kumi na mbili, na mkono wangu sikuhesabii. Nikishindwa na hizi, nitakwenda kuuza nazi."

Akaifanya kazi kwa adabu. Alimwaga oili kwenye karai, akafungua bolti moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye kava, ili fupi isije ikaingia pa ndefu. Akakwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa wembe, polepole, bila kulikwaruza bati. Akaosha kingo kwa petroli, akazipangusa, akazipitishia kidole cha shahada huku amefumba macho. Shamte alimkabidhi gundi, na Deo akaisukuma kando.

"Gundi ni ya wenye haraka. Gasketi nzuri inakaa yenyewe, kavu."

Akairudisha kava, akakaza bolti kona kwa kona, huku kidogo na kule kidogo, hakuna hata moja aliyoikaza mpaka mwisho kabla ya nyingine. Kisha akahamia kwenye kichwa cha silinda, akaanza upya. Jua lilikuwa utosini alipomaliza.

"Hebu niambie," akauliza akinawa mikono kwa sabuni ya unga, "huu mvujo ulianza lini hasa?"

"Wiki tatu sasa. Tangu mtoto azaliwe."

"Basi mtoto kaja na mafuta yake," Deo akasema. "Ni heri."

Nyumbani kwa Shamte palikuwa na chumba, sebule na baraza, na sebule ile ilikuwa na wakazi wawili: Bi Biasha na pikipiki. Pikipiki iliingizwa ndani kila jioni tangu ya jirani ilipoibwa. Bi Biasha alikuwa mama yake Mwanasha, mke wa Shamte. Alikuja kutoka Kilangala siku ya pili baada ya mtoto kuzaliwa, kumlea binti yake mpaka arobaini itimie, kama inavyompasa mama. Alikuja na kuku wawili, kiroba cha unga wa muhogo, na msimamo wake kuhusu usafi.

Bi Biasha hakuwa na neno baya na mkwewe. Kusema kweli hakuwa na neno naye lolote. Kwao, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kutosemeshana ovyo, na heshima hiyo Bi Biasha aliishika kama anavyoishika swala. Alipokuwa na la kumwambia Shamte, alimwambia mjukuu. Mjukuu aliitwa Naima, alikuwa na wiki tatu, na tayari alikuwa msemaji wa pande mbili.

"Naima," Bi Biasha akasema jioni ile, mtoto mapajani, macho yake kwa mtoto, "mwambie baba yako afute matope kwenye tairi kabla hajamwingiza mnyama wake ndani."

"Naima, mwambie bibi nimekwisha kuyafuta," Shamte akajibu kutoka mlangoni.

"Mwambie vizuri. Na mwambie ile oili iliyokuwa ikidondokea mkeka wako, bibi ameikomesha. Siku hizi pale chini pakavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Shamte alidhani habari ni ya kudeki tu, kwani Bi Biasha alideki asubuhi na jioni. Akashukuru kwa njia ya Naima. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia, na alipopewa titi akaliachia kila mara akihangaika. Pua ilikuwa imeziba. Bi Biasha akamchukua, akaweka mdomo wake juu ya kile kipua kidogo, akanyonya kamasi, akatoka nje akatema. Mtoto akarudi kwenye titi akanyonya kwa pupa.

"Mtoto akiziba pua huhangaika mwili mzima," Bi Biasha akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Shamte alimtazama kwa mapenzi makubwa. Aliwaza kwamba mwanamke wa namna hii akiwa mama mkwe wako, hata asipokusemesha miaka ishirini, bado umebarikiwa.

Jumatano, saa nne ya asubuhi, pikipiki ikavuja.

Alikuwa amembeba maalimu wa madrasa. Walipofika, maalimu akashuka, akatazama chini, na pindo la kanzu yake nyeupe lilikuwa na madoa matano meusi. Shamte alisubiri kugombezwa. Maalimu alilikunja lile pindo mkononi, akatoa nauli kamili, akasema, "Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi, mwanangu." Shamte angependa zaidi kutukanwa. Tusi ukishalisikia limekwisha, lakini wema wa yule mzee alikwenda nao mchana kutwa, akakataa abiria, akakaa kijiweni na chupa tupu ameitega chini ya injini. Nassibu alipita akatupia shilingi mia ndani ya ile chupa, na kijiwe kikacheka mpaka wauza samaki wakageuka.

Alhamisi alfajiri alikuwa mlangoni kwa Deo kabla kibanda hakijafunguliwa.

Deo alichukua spana. Alifungua kava, akainua gasketi ya Lindi kwa ncha za vidole, akaipeleka kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

"Haijaungua," akasema. "Haijachanika. Tazama hapa, imesukumwa. Imetoka ndani kwenda nje." Akakaa juu ya tairi kuukuu. "Shamte, ugonjwa si wa gasketi. Injini ikipata moto, kuna upepo ndani unatafuta pa kutokea; ikipoa unatulia. Injini hii haipumui."

"Inapumulia wapi?"

"Kuna kampira kembamba kanaanzia hapa juu, kanashuka nyuma ya injini. Joto na mvuke vinatokea humo. Kanadondosha oili kidogo, tone mbili tatu ikishazimwa, ndiyo kawaida yake." Alikuwa anasema huku mkono wake mdogo ukipenya nyuma ya injini, ukiteremka, ukiteremka. Ukasimama. Uso wa Deo ukabadilika. "Lete kisu."

Kilichotoka mwishoni mwa ule mpira kilikuwa kipande cha gunzi la muhindi, kimechongwa kikachongoka kikaenea sawasawa, kimeviringishiwa kitambaa, kisha kikafungwa kwa uzi raundi saba na fundo ambalo hata Deo alilisifu. Matope na oili vilikuwa vimekifunika chote kikafanana na pikipiki yenyewe. Deo akakitumbukiza kitambaa ndani ya petroli, akakikamua, akakitandaza gotini. Yakatokea maua ya korosho, mekundu.

Shamte alilijua lile ua. Kila asubuhi kwa wiki tatu alikuwa akipita chini ya kamba yenye nepi kumi na mbili za ua hilohilo, zote zimechanwa kutoka kanga moja kuukuu ya Bi Biasha.

"Unaijua?" Deo akauliza.

Shamte akaitikia kwa kichwa.

"Nani huyo?"

"Mama mkwe."

Deo alijaribu kujizuia. Alitazama paa, akauma mdomo, akashika nguzo ya kibanda. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, na Shamte, ambaye siku nne alikuwa hajacheka, akakaa karibu naye akacheka pia, machozi yakimtoka.

"Kaziba kama mtungi wa asali," Deo akasema alipopata sauti. "Basi sikuzeeka. Haya, lete ile bahasha ya Lindi, imebaki gasketi ya akiba. Ila leo jioni ukiingiza pikipiki ndani, ataona mpira uko wazi, na magunzi hayaishi. Lazima umwambie."

Hapo kicheko cha Shamte kikaisha.

"Mimi siwezi," Mwanasha akasema. Alikuwa ameketi kitandani na bakuli la uji, sauti ameishusha, kwani mama yake alikuwa uani anafua. "Unamjua mama wewe? Kwa dada Zakia, Lindi, aliambiwa mchuzi umezidi chumvi. Hakujibu. Alifunga mzigo wake, akapanda basi la kwanza. Nina siku kumi na tisa mpaka arobaini. Akiondoka leo, majirani watauliza mpaka Naima aolewe."

"Na nisipomwambia, kesho karatasi itakuwa na doa."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi nimwambie mama mkwe kuwa ameharibu? Kwa mdomo huu?"

Wakatazamana. Walikuwa wamefunga ndoa miaka miwili, walikuwa wanapendana, na hawakuwa na mwingine wa kumtuma. Katikati yao, juu ya mto, yule mwingine akajinyoosha akapiga miayo.

Baada ya swala ya alasiri Shamte akambeba Naima, akaketi naye barazani. Bi Biasha alikuwa uani, hatua tano tu, akianika nepi. Shamte akakohoa.

"Naima, mwanangu. Juzi pua yako iliziba, unakumbuka? Ukalia. Ulikuwa na njaa lakini kunyonya huwezi. Bibi yako akaizibua, ukapona. Bibi yako ana mikono ya kheri."

Uani nepi moja ilianikwa.

"Sasa pikipiki ya baba nayo ina pua. Iko nyuma, kama mpira mwembamba. Kuna kamasi kidogo hutoka humo ikitoka safarini. Baba yako ni mjinga, hakuwahi kumwambia mtu kuwa ile ni pua. Kosa la baba. Basi mtu mmoja mwenye nia njema, asiyependa mkeka wa Naima uchafuke, akaona pale panavuja, akapaziba. Akapaziba vizuri hasa. Fundi Deo amesema hajaona kazi safi kama ile. Injini ikakosa pumzi, ikahangaika mwili mzima, ikatoa mafuta kila mahali."

Nepi ya pili ilikuwa mkononi mwa Bi Biasha, inachuruzika maji miguuni pake. Shamte hakuthubutu kugeuka. Alimtazama mtoto, na mtoto alimtazama yeye, na moyo wake ulikuwa unamdunda kama anapanda mlima kwa gia ya juu.

Kisha sauti ikaja, kavu.

"Naima. Muulize baba yako, hiyo pua ikiachwa wazi, hiyo kamasi inadondoka kiasi gani?"

"Naima, mwambie bibi matone mawili. Matatu yakizidi sana."

Bi Biasha akaanika ile nepi, akaikung'uta ikanyooka, akaingia ndani. Shamte alisikia sanduku likifunguliwa. Mwanasha aliusikia mlio huohuo kutoka chumbani, akaweka bakuli chini. Wote wawili waliwaza mzigo unafungwa.

Bi Biasha alitoka na kopo la maziwa, tupu, limeoshwa. Akaliweka barazani, mbali kidogo na mkwewe.

"Mwambie alitege chini ya pua," akasema. "Na kesho nakwenda sokoni kununua samaki. Kama mnyama wake amepona kweli, nitampanda. Kama hajapona, nitajua."

Ijumaa asubuhi Bi Biasha alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alivaa kanga mpya, akakaa upande, na kati yake na mgongo wa mkwewe akaweka kikapu kitupu, ili heshima isipungue. Chini ya ile pua Shamte alikuwa amelifunga kopo kwa waya, likinge matone yake, na aliendesha kana kwamba amebeba mayai. Walipofika sokoni alishuka, akaikagua kanga yake mbele na nyuma, akaondoka kuelekea kwa wauza samaki bila kusema neno.

Saa mbili kamili Nesi Scholastica akafika. Akachana karatasi kwenye daftari, akaitandika chini ya injini ambayo bado ilikuwa ya moto, akaikandamiza kwa mawe manne, akaenda kunywa chai. Deo alikuwa amefunga kibanda akaja kusimama pale, mikono nyuma. Nassibu alichutama karibu na karatasi kama mtu anayevua kwa ndoano.

"Hilo hapo," Nassibu akasema mara moja. Lilikuwa ni jasho lake mwenyewe, karibu na ukingo.

Nesi alirudi akipangusa midomo. Akainama, akaitoa karatasi, akaigeuza huku na huku juani. Ilikuwa na vumbi, na ilikuwa nyeupe. Kijiwe kikapiga makofi, kwani madereva ni watu wa kucheka na aliyeshinda.

"Hongera," nesi akasema. "Ilikuwa nini kumbe?"

Shamte hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akamtazama Deo, na Deo akatazama baharini. Kwa wauza samaki, Bi Biasha alikuwa amesimama na kikapu chake, kibua mmoja mkononi, anasikiliza.

"Mpira wa kupumulia ulizibwa," Shamte akasema. "Niliuziba mimi. Kwa gunzi."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya njiwa wa paa la soko waruke. Nassibu alimwita Gunzi papo hapo, na jina likapokewa. Shamte alisimama akatabasamu, aibu imempanda mpaka utosini, akaubeba mzigo usio wake. Lakini nesi hakucheka.

"Uliziba pumzi ya injini kwa gunzi," akasema polepole. "Wewe, dereva. Sasa nikukabidhi chanjo za watoto wa watu? Kule milimani likitokea jambo, utaziba na nini?" Akaikunja karatasi. "Nassibu, una leseni?"

"Mwanangu nesi, subiri kidogo."

Bi Biasha alikuwa amevuka barabara. Kibua alikuwa bado mkononi mwake na muuzaji alikuwa anakuja nyuma yake.

"Shikamoo, mama," nesi akasema.

"Marahaba. Gunzi nililitia mimi. Nilichonga mwenyewe, nikalifunga uzi mara saba. Huyu hakuwepo wala hakujua."

"Mama ni nani wake?"

"Mama mkwe."

Kila mmoja pale alikuwa na mkwe au alitarajia kuwa naye, na walielewa kilichokuwa kinatendeka.

"Jana amejua," Bi Biasha akaendelea. "Kazi anakaribia kuikosa kwa ajili yangu, na hakunigombeza. Alikaa na mtoto, akazungumza na mtoto. Leo mmemcheka mbele ya macho yangu na bado amenifichia. Sasa tazama wewe, mtu anayeweza kubeba aibu ya mama mkwe wake sokoni siku ya Ijumaa, atashindwa kubeba kisanduku chako?"

Nassibu akajisogeza mbele. "Nesi," akasema, "mimi leseni ninayo. Lakini hapo mama amemaliza."

Nesi Scholastica aliitazama karatasi iliyokunjwa, akaikunjua, akaandika juu yake kwa kalamu, akampa Shamte. Ilikuwa imeandikwa: Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.

"Uje bila gunzi," akasema, na sasa naye akacheka.

Wakati wa kurudi, kikapu kilikuwa kimejaa vibua na hakikuweza tena kukaa katikati. Shamte alikitundika kwenye usukani. Bi Biasha alipanda, akatafuta pa kushika, akakosa, mwisho akaweka mkono juu ya bega la mkwewe. Wakaenda hivyo mpaka kwenye kona ya nyumbani, pale penye mashimo.

"Shamte," akasema. "Punguza mwendo, samaki wanamwagika."

Miaka miwili alikuwa hajalisikia jina lake kinywani mwa mama huyo, na Naima hakuwepo wa kulipitisha.

"Ndiyo, mama," akasema, akapunguza, akapunguza tena, mpaka baiskeli ya muuza mkaa ikawapita.